Karatasi Chini ya Kigae

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kabla hujaanza kunipiga mateke humu tumboni, nilipokaribia kuacha kazi kwa sababu ya kipande cha karatasi. Najua nasaha ni za wenye mvi, nami sina hata moja. (Nimejitazama leo asubuhi, mara mbili.) Lakini haya niliambiwa na mwenye mvi, nakukabidhi kama nilivyoyapokea.

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, niko kwenye miezi ya majaribio katika maabara moja karibu na Akalla, kitongoji cha Stockholm. Nilipima antena za mwanya: bati la shaba lenye ufa mwembamba katikati, na mawimbi ya redio hutokea kwenye ufa huo. Juu yake tulilaza kigae cha kauri kinachopinda mawimbi zaidi kuliko kioo, tuone kama antena ndogo itaweza kazi ya kubwa. Mashine huchora mstari, nao huzama pale antena inapofanya kazi vizuri. Wangu ulizama mbali na pale hesabu ziliposema. Wiki tatu! Nikarudia hesabu, nikabadili nyaya, nikajilaumu, nisimwambie mtu. Wakati wa fika, kama Waswidi wanavyoyaita mapumziko ya kahawa, wenzangu wakinywa na kucheka, mimi nilijifungia maabara nikiandika barua ya kuacha kazi.

Aliyenikuta ni Mzee Shaaban, fundi wa maabara, Mtanzania aliyekuja Stockholm kusoma kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahawa yako imepoa, binti. Nini kinakuliza?"

Nikamweleza. Hata hakuutazama mstari. Aliinua kigae kwa ncha ya kidole.

"Karatasi hii ya nini?"

"Nilihofia kigae kitakwaruzika, tunacho kimoja tu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, mzee."

"Sawa. Lakini kunguru hapimi antena. Kigae kinatakiwa kigusane na shaba, wewe umekitandikia mkeka!"

Akaivuta karatasi, akakilaza kigae taratibu, akakibana. Mstari ukasogea, ukazama pale pale hesabu ziliposema. Nilitaka kucheka, nikalia. Kwa kigae cha namna ile, hata upenyo wa unene wa karatasi hubadili kila kitu. Jambo hilo nililisoma, mwanangu, na mtihani wake nikafaulu.

"Hesabu zako zilikuwa sawa tangu siku ya kwanza," akasema kwa upole. "Ungeniita siku hiyo. Mficha uchi hazai."

(Nami, kama unavyoona, nimeacha kuficha.)

Barua niliichana, nikaenda kuketi na wenzangu.

Mwanangu, naomba urithi macho ya baba yako. Nahofia utarithi wasiwasi wangu. Sikuambii usiogope, maana hata mimi sijaweza. Nakuambia hivi: siku unayokwama, sema siku hiyo hiyo, kwa mtu anayejua. Na kitu ukikithamini hadi ukaogopa kukigusa, nawa mikono, kiguse. Mungu akukutanishe na watu wapole, akupe na ulimi wa kuwaita. Njoo salama, mama anakusubiri.