Makapi ya Kipindi cha Biashara

Mume wangu alikuwa na kipindi cha biashara ambacho, kwa hesabu ya haki, sehemu yake ndogo tu ilihusu biashara. Kilikuwa podikasti. Alikirekodi sokoni Bwera, mpakani, na vibarazani mwa maduka ya Kasese, mimi nikakihariri mezani petu, katika divisheni ya Nyamwamba, kisha wasikilizaji wakarushiana kwa simu mpaka kikafika kwa wakulima wa kahawa wa Kyarumba, watu ambao wakipanda njia zao za mlimani kichwa kina mzigo, mikono inaushika mzigo, na masikio peke yake ndiyo yaliyo huru.

Alimuuliza mchuuzi wa maharage jinsi anavyoyakinga na wadudu, na kabla ya jibu kufika mwisho alikuwa amekwisha kuuliza mchuuzi yule anashabikia timu gani, baiskeli yake ina breki ya nyuma au ya mbele, na kwao ndizi huchomwa na ganda au bila ganda. Alipenda mpira wa miguu, mbio za baiskeli, ufugaji wa kuku, visu vilivyonolewa vizuri, na watu wanaopiga mluzi. Sijapata kumwona mtu mwingine ambaye dunia ilimtosha kiasi hicho.

Mimi nililelewa kwa namna nyingine. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, akakileta Kiswahili cha nyumbani kama mtu anayehama na vyombo vya udongo, kwa hadhari. Nikakisomea zaidi, sarufi na ushairi wa kale, nikakifundisha chuoni. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani huona vigumu kuvumilia mazungumzo yanayopotea njia. Kwa hiyo niliyakata. Lakini vipande nilivyovikata sikuvifuta, kwa kuwa mume wangu aliniomba nisivifute. Niliviweka ndani ya kompyuta, katika jalada nililolipa jina la Makapi.

"Mwalimu," angeniambia, akiniita hivyo alipotaka kunichokoza, "umenikatia tena baiskeli."

"Baiskeli si biashara."

"Yule bwana hawezi kunieleza siri ya kahawa yake mpaka nimsifu kwanza alivyoteremka Kyarumba bila breki."

"Basi msifu. Wasikilizaji wapate siri."

"Maskini wasikilizaji! Wamepewa wali bila mboga."

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao sharti niueleze, kwa sababu hofu yote iliyofuata ilitoka humo. Hakumnyooshea mtu maikrofoni. Pale mpakani, mtu akinyooshewa kitu usoni huku akiulizwa juu ya mali yake, hudhani ameshikwa na watu wa forodha. Huinamisha macho na kujibu kwa ndiyo na hapana. Mume wangu aligundua kwamba mtu huyo huyo, akikabidhiwa maikrofoni aishike mwenyewe, huisogeza mdomoni kama muhogo wa kuchoma na kusema kila kitu. Ikawa ndiyo adabu ya kipindi: maikrofoni ilitembea kutoka mkono hadi mkono na kutoka mdomo hadi mdomo. Sponji yake niliishona mimi kutoka kwenye kipande cha godoro, nikaivalisha kitambaa cheusi.

Mwishoni mwa mwaka wa 2018, Ebola ilikuwa upande wa pili wa mpaka. Kwetu haikuwa imeingia, na neno hilo "haikuwa" tulilitamka kwa sauti ya chini. Waliovuka walinawa kwa maji yenye klorini na kupimwa joto kwenye kipaji cha uso. Kanisani tulipeana amani kwa kuinamiana. Watu waliosalimiana kwa mikono maisha yao yote walijifunza kuificha nyuma ya mgongo, na mume wangu alifungua kila kipindi kwa kuwakumbusha. "Mikono nyumbani, mpenzi msikilizaji," alisema, kisha akamkabidhi mgeni wake maikrofoni. Mikono tuliikumbuka sote. Sponji haikumjia mtu akilini.

Siku moja ya Jumamosi alikwenda Bwera kwenye mechi ya wafanyabiashara. Timu moja ilikuwa ya wauzaji wa kahawa wa upande wetu, na nyingine ya wauza mafuta ya mawese, wengi wao watu wa ng'ambo ya mpaka. Alirudi amejaa vumbi na furaha, sauti imekauka kwa kushangilia. Aliweka mfuko wake juu ya meza. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alichomoa maikrofoni kama alivyozoea, akabandika midomo kwenye sponji, akatangaza kwamba mpira uko katikati, mpira uko kwa baba, baba ameanguka. Tulicheka.

Wiki iliyofuata, asubuhi, baba yake alishindwa kuinuka.

"Ni malaria," alisema, kabla sijauliza.

Nilimgusa shingo. Ilikuwa kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikauondoa mkono wangu, na yeye akaniona nikiuondoa. Nilisimama katikati ya chumba nikiutazama mkono ule, nisijue niuweke wapi. Na kutoka sebuleni nikamsikia binti yetu akitangaza mechi. Nilikwenda mbio. Alikuwa ameketi sakafuni, midomo imezama katika sponji, na kitambaa changu cheusi kilikuwa kimelowa mate.

Hapo ndipo nilipoielewa adabu ya kipindi kwa mara ya kwanza. Nilimnyang'anya mtoto maikrofoni kwa nguvu hata akalia. Niliitia katika mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo, kisha fundo juu ya fundo, nikamwosha mtoto mikono na mdomo kwa sabuni mpaka akauliza amekosa nini.

Mume wangu aliwapigia watu wa afya simu mwenyewe, akasema alikokuwa Jumamosi, na gari likaja. Waliomchukua walivaa mavazi yanayofunika kila kitu. Sikuona uso wa hata mmoja wao. Alitembea kwa miguu yake mpaka garini. Majirani walikuwa wameingia ndani na kufunga milango, nami sikuwalaumu; ningekuwa wao ningefunga na madirisha.

Alasiri alikuja mhudumu wa afya, msichana wa Munkunyu mwenye sauti ya upole na macho yaliyokosa usingizi. Hakuingia ndani. Aliketi uani, nami nikaketi mbali naye, mtoto akiwa miguuni pangu.

"Madamu, mzee alikaa karibu na nani huko Bwera?"

"Aliwahoji watu. Waliishika maikrofoni."

"Wangapi?"

"Sijui. Sijasikiliza bado."

"Majina?"

"Huwa haulizi majina. Huuliza timu."

Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa mto. Ndipo nikaileta kompyuta, nikaiweka juu ya kigoda katikati yetu, nikarudi nyuma. Rekodi nzima ilikuwa humo, haijakatwa. Tulimsikia mume wangu, mzima kabisa, akihema kwa kukimbia kando ya uwanja, na sauti yake ilinichoma kwa namna ambayo sikuitazamia. Nilijiuliza kama ndiyo itakayobaki.

Alizungumza na muuza kahawa. Alizungumza na mama aliyepiga ngoma. Akazungumza na mshika kibendera, wakabishana sana juu ya goli lililokataliwa.

"Huyo alikuwa ameotea," mhudumu alisema ghafla, kisha akafunika mdomo kwa mkono. "Samahani, madamu. Nilikuwepo. Kaka yangu anacheza kwa kahawa."

"Ilikuwa goli?" nilimuuliza, mimi ambaye sijawahi kujali.

"Goli gani! Refa alikuwa na macho."

Tulikaribia kucheka. Kisha ikaja sauti ya golikipa wa wauza mafuta.

"Miye natoka ng'ambo, nilivuka leo asubuyi," ilisema, ikakatizwa na kikohozi kirefu, kikubwa, kilichoijaza sponji yangu. "Unisamehe, kaka. Hii kifua iko nanisumbua tangu ku kilio. Tulimuzika baba mudogo."

Mhudumu aliinuka. "Rudisha."

Nilirudisha. Kikohozi kikatoka tena, na baada yake neno lile: tulimuzika. Kila mtu katika wilaya yetu alikuwa amefundishwa habari za mazishi, jinsi maiti inavyooshwa na kukumbatiwa, na ugonjwa unavyowafuata walioikumbatia. Nilimvuta mtoto kwangu, halafu nikamwachia, kwa kuwa sikujua ni nani kati yetu anayepaswa kumwogopa mwenziwe.

"Huyu mtu namhitaji," alisema mhudumu. "Ni nani? Anakaa wapi?"

Sehemu ya biashara ilifuata. Golikipa alieleza vizuri jinsi mafuta ya mawese yanavyochujwa; hakukuwa na lolote ndani yake la kumtafutia mtu. Mhudumu aliuma kalamu. Nami, kwa mazoea, kidole changu kilikuwa tayari mahali pa kukata, kwa maana nilimsikia mume wangu akivuta pumzi ile ya kupotea njia.

"Sasa niambie, bwana. Mikono hiyo unaizoeza vipi?"

"Bibi yangu ananirushiaka machungwa. Kila asubuyi. Chungwa ikianguka, chai hakuna."

"Na machungwa anayatoa wapi?"

"Si anauzaka! Pale Bwera, pembeni ya mutengeneza baiskeli, ule wa mwamvuli mwekundu. Ananitupia yenye iko na kidonda, yenye muzima anauza."

Mume wangu alicheka kwa sauti, akauliza kama chungwa linateleza kuliko mpira, na wakaendelea hivyo muda mrefu. Sikukata. Mhudumu alikwisha kuweka simu sikioni, akiwaambia wenzake wa Bwera, "Mwamvuli mwekundu, fundi wa baiskeli, mama wa machungwa. Mume wake, golikipa, anakohoa. Ndiyo, machungwa."

Kesho yake nilikwenda hospitali. Niliruhusiwa kusimama nje ya uzio, naye aliletwa mpaka mlangoni pa hema, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Ilitubidi kupaza sauti, na mambo ya ndani ya ndoa yakasemwa mbele ya watu.

"Mama, mtoto?"

"Hajambo!"

"Umempima?"

"Nampima."

"Usimpime mno. Atadhani ni gunia la kahawa."

Midomo yake ilikuwa imepasuka, na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alinyoosha kidole kwenye hema la jirani. "Yule pale ni dereva wa lori. Anafuga njiwa, mama! Njiwa wa kurudi nyumbani wenyewe. Laiti ningekuwa na maikro..."

Nilimwona akiifuata maikrofoni akilini mwake, kutoka mikono ya golikipa mpaka mfuko wake, kutoka mfuko mpaka mezani, na kutoka mezani mpaka midomo ya binti yetu. Hakuwa amefika huko kabla ya hapo. Mimi nilikuwa nimeishi huko tangu jana.

"Ameishika?" aliuliza, kwa sauti ambayo haikuvuka uzio vizuri.

Nilitikisa kichwa kukubali. Akauinamia mkono wake, akafunika uso.

Mhudumu alinipigia simu nikiwa njiani kurudi. Golikipa alikuwa amepatikana. Walimkuta nyuma ya meza ya machungwa, kifua wazi, akidaka. Joto lake lilikuwa la kawaida. Baba yake mdogo alianguka kutoka juu ya mchikichi alipokuwa akikata chikichi, na kijiji kizima kilishuhudia. Kikohozi kilitokana na moshi wa kuni za matanga. "Wataendelea kumwangalia," alisema mhudumu. "Naye anauliza kipindi kitatoka lini."

Nilimshukuru, nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Lakini hofu haikuondoka. Ilihama tu. Ikiwa si golikipa, kulikuwa na mama wa ngoma, na mshika kibendera, na muuza kahawa, na wote walioishika sponji ile kabla yao tangu nilipoishona. Usiku nililala sakafuni, mbali na kitanda cha mtoto, nikiisikiliza pumzi yake. Alfajiri nilijigusa kipaji cha uso na kuona ni cha moto, nikagundua kwamba mkono ndio uliokuwa baridi.

Majibu ya damu yake yalirudi kutoka maabara ya Entebbe: haikuwa Ebola. Ilikuwa malaria, kama alivyosema mwenyewe asubuhi ile. Alirudi nyumbani amekonda, akamkuta mtoto mlangoni, na wote wawili wakanitazama mimi kwanza, wakingoja niseme kama wanaweza kukumbatiana.

Sponji niliichoma nyuma ya jiko. Mume wangu aliifunga maikrofoni kwenye mpini wa fagio na kuwanyooshea watu kutoka mbali, nao wakaanza kuinamisha macho na kujibu kwa ndiyo na hapana, kama mbele ya forodha. Kipindi kilidhoofika. Alihangaika nao, akawauliza mpira, kuku na baiskeli, akipaza sauti, mpaka wengine wakasahau lile fagio. Mambo hayo sasa ninayaacha yalivyo. Mimi husikiliza kila neno mpaka mwisho, na kikohozi kikitokea mkono wangu husimama, nikarudisha nyuma kusikia huyo mtu ametoka wapi na amemzika nani.

Jioni moja binti yetu aliniomba maikrofoni atangaze mechi. Nilimwambia imekwenda kazini na baba. Akaridhika na mwiko wa ugali, akausogeza mdomoni. Nilimwomba anipe kwanza. Niliuosha kwa sabuni, nikamrudishia, nikamsikiliza akitangaza kwamba mpira uko kwa baba, baba amepiga, goli. Alipomaliza niliuchukua, nikauosha tena.