Alama Iliyokuwa Chini ya Kutu

Fundi funguo alilisugua gobore siku mbili mfululizo. Alianza na mafuta ya taa, akaja na brashi ya waya, akamalizia na msasa laini, ule anaoutumia kwenye vitasa vya shaba vya wenye nazo. Kwa mtu aliyekaa miaka thelathini kibandani akichonga funguo, chuma chenye kutu ni aibu, na hili lilikuwa linakwenda makumbusho. Baba yao, yeye na dada yake, kabla hajafa, alitaka jambo moja tu: liwekwe kwenye kabati la kioo, na kando yake kadi iseme kwamba Babu Mkubwa alilipokonya kwa askari wa kigeni vitani. Kwa hadithi hiyo ukoo mzima uliitwa "wale wa gobore", na Shangazi, mwenye miaka themanini na sita, aliisimulia kama mtu aliyekuwepo.

"Linang'aa kama sufuria jipya," dada yake alisema asubuhi ya safari, akilifunga kwenye shuka na kuweka kibali cha polisi mkobani. Dada ni mwalimu mkuu mstaafu. Hata akisifu, utadhani anasahihisha madaftari.

Mhifadhi wa makumbusho, mama mwembamba aliyetundika miwani kifuani, alilifunua shuka juu ya meza, akakunja uso.

"Nani kalisugua hivi?"

"Mimi," fundi akajibu, kwa fahari kidogo.

"Kaka yangu, thamani ya kitu kama hiki ni pamoja na hiyo kutu. Umeitoa yote." Akapitisha kidole juu ya mtutu, karibu na kitako. "Na hapa palikuwa na alama. Sasa pako kama kipara."

Dada akamgeukia nduguye, akakohoa tu.

Mhifadhi akatoa michoro miwili. Taji juu ya herufi mbili ilikuwa alama ya jeshi. Gobore la namna hiyo likikutwa kwa raia, karibu kila mara lilitekwa. Samaki ndani ya duara ilikuwa alama ya mfanyabiashara wa watumwa, aliyewagawia bunduki wasimamizi wa misafara yake, watu waliotembea nyuma ya mateka waliofungwa minyororo.

"Ulipokuwa unasugua, hukuona kitu?"

Fundi alikuwa ameona. Siku ya pili, kutu ilipolainika, lilijitokeza duara la ukubwa wa kifungo cha shati, na ndani yake kitu chenye mkia. Alidhani ni nembo ya kiwanda, kama zile za kwenye makufuli ya zamani, ambazo huzifuta ili kufuli lionekane jipya. Akaongeza msasa.

"Sikuona," akasema.

Mhifadhi akaandika: asili haijulikani.

Njia nzima ya kurudi dada alilaumu bila kupumua. "Umefuta jina la Babu kwa msasa! Msasa! Mtu mzima na mvi zako!"

"Nisamehe, dada."

"Siku moja utajisugua hata kitambulisho chako, tusijue wewe nani."

Kwa wiki tatu alikubali kuitwa mpumbavu. Wapwa zake wakaanza kumwita Msasa, naye akaitika. Jina hilo lilikuwa nafuu kuliko lile ambalo samaki yule angeupa ukoo. Lakini kibandani mkono ulikuwa mzito. Aliharibu funguo nne kwa wiki moja, jambo ambalo halikumtokea tangu akiwa anajifunza kazi. Kila aliposhika tupa alimfikiria mtu aliyetembea mbele ya lile gobore, shingo imefungwa, ambaye hakuna ukoo unaomsimulia.

Jumatatu hakufungua kibanda. Alikwenda makumbusho peke yake.

"Ni samaki," akamwambia mhifadhi, hata hajakaa.

Mhifadhi akavaa miwani, akajaza fomu upya. Kisha akamsukumia. "Warithi mko wawili. Bila saini ya dada yako, siibadilishi ile ya kwanza."

Dada aliisoma amesimama mlangoni. Akairudia, kidole kikifuata mstari.

"Wiki tatu nakuita mpumbavu, na wewe umenyamaza tu?"

"Nilishazoea."

Hakucheka. "Baba alijua?"

"Sijui."

"Na Shangazi?"

"Sijui, dada."

Aliikunja fomu mara mbili, akamrudishia bila kusaini. "Kamsomee kwanza. Mimi nimekuwa nikiisikiliza tu hiyo hadithi. Yeye anaishi nayo. Akishasikia, nitasaini."

"Twende wote."

"Mimi siwezi." Tangu wakiwa watoto hakuwahi kumsikia dada yake akisema maneno hayo.

Shangazi alikuwa chumba cha nyuma, katika nyumba hiyohiyo ya dada, redio ikisoma habari. Fundi akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Ingia ukae." Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini karatasi mkononi mwake aliiona. "Hiyo ndiyo ya makumbusho? Wameshaandika? Haya, nisomee. Soma polepole, usikimbie."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, akaikunjua fomu, akaomba kwanza redio izimwe.