Siku Nilipotangaza Kome Wachemshwe

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mcheke, maana aibu hii nimeishi nayo tangu nikiwa kijana wa kaptula ya kaki, na mke wangu Zena hajawahi kupokea wageni nyumbani bila kuwasimulia.

Ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Mimi mzaliwa wa Pangani, niko Mwanza, msaidizi wa bwana afya, kazi yangu kukagua samaki kwenye soko la ufukweni na kupiga mbiu kukiwa na amri. Juma lile wapagazi wa bandarini waliharisha vibaya baada ya kula konokono wa ziwani, wale wenye magamba mawili, waliookotwa penye mfereji wa maji machafu. Bwana afya akaniambia, "Katangaze. Konokono wasiuzwe mpaka tuwapime, na watakaoruhusiwa wachemshwe vizuri." Kazi rahisi kabisa, si ndiyo? Ila siku hiyohiyo wajomba zake Zena walikuwa wanavuka kutoka kisiwani kuja kujibu posa yangu (mshenga alishatangulia, na mama yake, mjane muuza samaki wa kukausha, alisema bila kaka zake yeye hana neno), na Zena mwenyewe yuko pale kwenye meza ya mama yake ananitazama, basi nikaona kutamka "konokono" mbele ya mchumba ni ushamba, wakati kwetu pwani mdudu yule ana jina lake zuri: kome.

Nikainua kipaza sauti changu cha bati.

"Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo! Kuanzia leo, kome hawaruhusiwi sokoni mpaka wapimwe! Kome ni wachafu, wanaleta ugonjwa wa tumbo! Ukimwona kome amefunga mdomo, huyo mzima, achemshwe! Akikaa mdomo wazi, huyo ameoza, atupwe ziwani!"

Soko zima likanyamaza. Nikadhani ni ufasaha wangu.

Ndugu zangu, Kome ni kisiwa. (Mwanza nzima ilijua isipokuwa mimi, kwa kina Zena nilikuwa nasikia tu "kisiwani, kisiwani", wala sikuuliza kisiwa gani, mapenzi yana haraka.) Na wazee watatu waliokuwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye mtumbwi, kuku mkononi, walikuwa watu wa Kome, wajomba zake Zena, na mkubwa wao, Mzee Lubango, alikuwa amesimama mdomo wazi.

Akaufunga haraka.

"Uhuru wenyewe bado haujafika," akasema, "halafu mmeshaanza kutuchemsha?"

"Shikamoo, mzee. Siyo ninyi, ni..."

"Marahaba. Sisi tunarudi."

Mama Zena akaja na kisu chake cha samaki. "Wewe baba! Juzi umeleta mshenga, leo kaka zangu watupwe ziwani?" Nikakimbilia ndoo ya konokono tuliowakamata, nikamwinua mmoja juu, "Kome ni huyu hapa!", na hapo ndipo nilipomwagia moto mafuta, maana sasa nimewaita wakwe zangu konokono hadharani, tena niliyemshika alikuwa wa mdomo wazi na harufu yake ikawafikia kabla ya maelezo yangu. Mtumbwi ukasukumwa. Nikaingia majini na viatu vya serikali na soksi zangu ndefu, naomba radhi, nikateleza juu ya jiwe, nikazama mpaka kofia ikabaki inaelea peke yake. Nilipoibuka nililia, sifichi, kwa sababu niliona Zena wangu ndiye anayekwenda zake na mtumbwi ule.

Kumbe Zena yuko nyuma yangu, ameingia majini na kanga yake, anacheka mpaka anashindwa kusema.

"Wajomba, subirini! Kwao Pangani, konokono ndio wanaitwa kome."

Makasia yakasimama. Mzee Lubango akanitazama, magugu begani, maji yananitoka puani.

"Na huko kwao hao kome wanawala?"

"Wanawala, mjomba."

"Basi tumpe mke upesi, asije akatula sisi."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa yangu. Siku ya harusi wajomba walikaa mkekani wamefunika midomo kwa viganja, pilau hawagusi, mpaka nilipopiga magoti nikatangaza kwamba wote ni wazima.

Miaka mingi baadaye Mzee Lubango aliugua, tukaenda Kome mimi na Zena kumuuguza. Hakutaka kula. Nikampelekea kijiko cha uji, akabana midomo, nikambembeleza, mjomba, kidogo tu. Akafumbua jicho moja.

"Nikifungua utanitupa."

"Sikutupi, mjomba."

Akafungua, akanywa, na Zena akageukia ukutani akifuta macho. Tulimzika juma lililofuata.

Tangu hapo, hata nikienda Pangani nikikuta wamepika kome, husema nipitishieni hao konokono, na ndugu zangu hucheka kwamba bara imeniharibu. Wacheke. Jina lile ni la wakwe zangu, siliweki tena kwenye sufuria.