Mafundo Kwenye Sanda ya Mangil

Chumba cha kushonea cha Mama Geumju kilikuwa kimejaa, hilo sikatai. Mlango ulifunguka nusu tu ukagonga magunia ya vitambaa, na wewe ukaingia kwa ubavu. Mabunda ya hariri yalifika dari. Vipande vya nguo vilijaa kwenye maboksi ya tambi, vifungo na shanga kwenye makopo ya biskuti, na juu ya cherehani ya miguu kulikuwa na pasi mbili, moja mbovu, pamoja na koti la mvua ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Lakini mwenyewe alisimama katikati, akanyoosha mkono, akatoa alichokitaka bila kutazama. Hata angetaka kutazama asingeweza, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemla jicho moja lote na la pili nusu. Ndiyo maana nikisikia mtu akikiita chumba kile jalala, napandwa na hasira hadi leo.

Jina lake hasa ni Tak Bunseon. Tumekaa hapa mjini Andong ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, mimi nikimwita dada na yeye akiniita mdogo wangu, ingawa hatuna hata tone la damu moja. Alishona nguo za harusi za nusu ya mtaa huu. Alisuka pia yale mafundo ya nyuzi za rangi ambayo wanawake huning'iniza kifuani siku za sherehe, na fundo lake halikuwahi kufumuka. Mimi kifungo tu kinanishinda, kwa hiyo nilikuwa nakaa mlangoni nikimenya vitunguu saumu na kusengenya watu, na yeye anashona, tunakwenda hivyo mpaka jioni.

Mumewe, Mangil, alikuwa muuza samaki wa chumvi sokoni. Mtu wa kelele, wa kuimba ovyo, asiyeweza kutulia mahali pamoja hata akila. Basi kiharusi kikampata huyo huyo. Alipelekwa hospitali ya wazee, akawekewa mrija wa chakula puani, akauvuta akautoa. Wakaurudisha, akauvuta tena. Mwisho wakamfunga mikono kwenye kitanda kwa mikanda ya kitambaa. Alikaa hivyo miaka. Bunseon alikwenda kumwona kila siku waliyoruhusu, na kitu cha kwanza kilikuwa kufungua ile mikanda na kumsugua viganja. Akiondoka, nesi anafunga upya.

Sanda yetu ni nguo kamili, koti, suruali, soksi na mfuniko wa uso, vyote vya katani. Hushonwa mtu akiwa hai, katika ule mwezi wa ziada unaoongezwa kwenye kalenda ya zamani, maana wanasema mwezi huo mizimu imelala na haifuatilii mambo yetu. Na uzi wake haupigwi fundo, si mwanzo wala si mwisho. Unapita kwenye kitambaa, unaishia, unaachwa na mkia. Fundo linamshika marehemu asiweze kuondoka. Mimi mambo haya nayaamini Jumatatu, Jumanne siyaamini. Lakini Bunseon alikuwa na mtu aliyefungwa mikono kitandani, na mwezi wa ziada ulipokuja, macho yakiwa bado na mwanga kidogo, alimshonea sanda ile kwa mkono kuanzia kola hadi soksi. Sijawahi kumwona akishona kwa makini namna ile. "Hapa duniani nimeshindwa kumfungua," aliniambia. "Kule atakwenda mikono huru, arushe vile anavyotaka."

Kisha akaiweka mahali pazuri, na chumba kikaendelea kujaa juu yake.

Daktari alipomwambia awaite watu wake waje kumuaga Mangil, alitafuta ile sanda asubuhi nzima. Vidole vyake vilivyokuwa vinajua kila kitu havikuipata. Nilimkuta amekaa chini katikati ya magunia, nywele zimejaa nyuzi, analia. Akampigia simu mwanawe wa pekee, Geumju, aliyeolewa mji wa Daegu. Na Geumju, jamani, kazi yake ni kupanga nyumba za watu. Ana cheti. Ndiyo, siku hizi kuna cheti cha kupanga makabati.

Alikuja na gari limejaa maboksi ya plastiki yanayoonyesha ndani. Akafunga kitambaa kichwani, akaanza kutoa vitu mpaka uani.

"Mama mdogo," ananiambia mimi, "sheria ni moja tu. Kitu kisichoguswa mwaka mzima hakina kazi, kinatoka."

"Basi anza na mimi, maana baba Insu hajanigusa tangu mwanetu Insu aende jeshini."

"Mama mdogo wewe!" Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Ni mtoto mzuri, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alimpenda baba yake, na alifanya kazi siku ile mpaka mgongo ukamkataa.

Mchana mimi na Bunseon tukaenda hospitali. Mangil alikuwa amebaki mifupa, pumzi inakwama. Hata hivyo walikuwa wamemfunga. Bunseon akafungua mikanda kwa kupapasa, akamshika viganja.

"Bibi, akivuta mrija tena leo, tutafanyaje?" nesi akamuuliza, kwa upole lakini.

"Atavuta kwa nguvu gani, mwanangu? Mtazame." Kisha akamwinamia mumewe sikioni. "Baba Geumju, vumilia. Geumju anatafuta nguo zako. Ukizivaa hizo, hakuna mtu wa kukufunga tena."

Sijui kama alisikia. Jicho lake lilitembea kidogo.

Tuliporudi, mlango wa chumba ulifunguka wote. Sakafu ilionekana, ya njano, nilikuwa nimesahau rangi yake. Maboksi yamepangwa ukutani, kila moja na karatasi yake yenye maandishi. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kilipendeza. Bunseon akasimama katikati kama kawaida yake, akanyoosha mkono, akagusa plastiki. Akausogeza, akagusa plastiki nyingine.

"Mkasi wangu uko wapi?"

"Boksi la chini, mama, pembeni. Limeandikwa."

"Limeandikwa," akasema Bunseon.

Geumju hakulisikia lile jibu, alikuwa na furaha yake. "Mama, nimeipata! Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mbao, chini ya satini zote. Njoo ukae." Akamwekea mapajani kifurushi cheupe, akakifungua. "Na nimekumalizia. Maskini, macho yalikuishia kweli, kila mshono ulikuwa umeachwa wazi, mikia inaning'inia. Ingefumuka wakati wa kumvalisha. Nimepiga fundo kila mwisho, dogo dogo, vile ulivyonifundisha."

Kweli alimfundisha. Mimi nilikuwepo mlangoni na vitunguu vyangu, Geumju hajaanza hata shule, mama yake anamchapa kiganja kwa rula ya kupimia kitambaa: piga fundo, usipopiga fundo umeshona bure. Mtoto akajifunza mpaka fundo lake likawa dogo kuliko punje ya ufuta.

Bunseon akapitisha vidole kwenye kola. Akapitisha kwenye mkono wa koti. Akashuka kwenye pindo.

"Umepiga yote?"

"Yote, mama. Na mikia nimeikata, huwezi kuiona."

Ningemwelewa kama angepiga kelele. Aliishika tu ile nguo. Mimi ndiye niliyelipuka.

"We mtoto, nani alikutuma? Nani alikutuma uguse?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Sanda haipigwi fundo! Umemfunga baba yako!"

Geumju akanitazama, akamtazama mama yake, rangi ikamtoka. "Mbona hamkuwahi kuniambia? Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia!"

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Miezi ya ziada wanawake wakikaa kushona sanda, watoto tuliwapa peremende tukawafukuza wakacheze mbali, tukijua ni kazi yenye mkosi. Wakakua hivyo hivyo. Siku hizi sanda hununuliwa dukani imeshonwa kwa mashine, na mashine nayo inafunga uzi kila hatua, hakuna anayeuliza.

Akaanza kufungua mafundo pale pale, kwa ncha ya sindano. Angeyakata yangetoka haraka, lakini mikia alikuwa ameshaikata, kwa hiyo ukikata fundo uzi unakuwa mfupi, mshono unaachia. Alijaribu kwenye soksi moja, ikafunguka kama ganda la ndizi. Kushona upya kulihitaji macho ya Bunseon, maana Geumju hakuwahi kufundishwa mshono wa sanda, na macho hayakuwepo. Kwa hiyo likabaki kufungua fundo moja moja, uzi wa katani uliokauka, mafundo aliyoyakaza mwenyewe kwa ustadi wote aliofundishwa. Mimi nilimshikia taa. Bunseon alikaa pembeni, mikono mapajani, hana cha kufanya katika chumba chake mwenyewe.

"Kola umemaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Anza na mikono, mwanangu. Mikono ndiyo muhimu."

Kesho yake mchana hospitali wakapiga simu kwamba Mangil amekata roho. Bunseon aliuliza swali moja tu, kama walimfungua kabla. Aliyepiga simu alisema hajui.

Kwenye ukumbi wa misiba Geumju alikuwa ndiye mfiwa mkuu, yeye na mumewe, maana hakuna mtoto wa kiume. Alivaa nguo nyeusi, akakaa nyuma ya pazia na ile sanda mapajani. Lakini msiba wa kwetu haumwachi mfiwa akae. Mgeni akiingia, anainama mbele ya picha, na mfiwa lazima asimame ainamiane naye, ashike mkono, amshukuru. Soko zima la samaki lilikuja. Walikuja wanawake walioshonewa nguo za harusi na Bunseon, sasa wana wajukuu. Geumju anatoa fundo moja, anaitwa. Anarudi, anatafuta alipoishia, machozi yanamziba macho, anaitwa. Watu wanakunywa mchuzi mwekundu wa nyama na pombe, wanasifu jinsi Mangil alivyokuwa akiimba. Nilisimama mlangoni niwazuie kidogo.

"Mpe dakika moja, jamani, anapumzika."

"Apumzike msibani?" mzee mmoja wa sokoni akanijibu, akapita.

Siku ya pili wakatuita kumvalisha. Chumba kilikuwa baridi, na Mangil amelala juu ya meza, mdogo sana, mikono pembeni. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na alama za mikanda, mistari miwili ya zambarau. Niliomba Mungu Bunseon asiziguse. Yule mwanamume wa kuvalisha maiti akapokea sanda kwa mikono miwili, akaikunjua, akasema kwa heshima kwamba siku hizi haoni tena iliyoshonwa kwa mkono.

"Geumju," Bunseon akasema. "Yamebaki?"

Geumju akanitazama. Kola ilikuwa safi, na mkono wa kulia. Wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka, niliyaona kwa macho yangu yamejipanga kwenye mshono. Suruali haikuguswa kabisa.

"Hayajabaki, mama. Nimeyatoa yote."

Bunseon akanyoosha mkono, vile alivyokuwa akinyoosha chumbani mwake. Ukaangukia mkono wa kushoto wa koti. Vidole vikateremka kwenye mshono taratibu, vikafika kiwiko, vikasimama. Vikasogea kidogo, vikasimama tena. Geumju alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Vile vidole havikuondoka.

"Bibi," yule mwanamume akasema, "tuendelee?"

"Mvalisheni," akasema Bunseon.

Tulimzika juu ya kilima cha ukoo wao, mvua ikinyesha. Geumju alirudi Daegu wiki iliyofuata. Alimkumbatia mama yake mlangoni akaniambia mimi pembeni, "Mama mdogo, angalau mama hakujua." Nikaitikia kwa kichwa.

Bunseon hashoni tena. Siku nyingine nilikwenda na sahani ya kimchi, kabichi yangu ya pilipili, nikamkuta amekaa kwenye ile sakafu ya njano, maboksi yamemzunguka, hata moja halijafunguliwa. Nikakaa naye. Baadaye nikashindwa kujizuia.

"Dada, uliyagusa."

"Niliyagusa."

"Kwa nini hukusema? Tungewaambia wasubiri."

"Wasubiri mpaka lini? Nimwambie nini yule mtoto? Baba yake ameshafungwa, nimfunge na yeye?"

Alisema kwa hasira, halafu hasira ikamwisha akawa analia bila sauti, akijisugua vifundo vya mikono, hiki na hiki. Akaniuliza kama marehemu huumia mikono. Nikamwambia hapana, hawaumii, kana kwamba najua.