Nilivaa gunia kichwani kuigiza muuaji kule Mhezi, jirani akaja na jembe

Wakuu, nianze na ujinga wangu kabla hamjautafuta wenyewe: nilitangaza shughuli yetu kwenye group la WhatsApp la vijana, nikaamini kijiji kizima kimesikia.

Haya yametokea kweli, na baadhi ya mashahidi bado wananinunia. Anayetaka stori ya majini atachoka mapema. Wengine sogeeni.

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Same mjini nina cheti cha Form Four na kochi ambalo limeshachukua umbo langu. Kwenye kochi hilo nimeangalia movie za kutisha za zamani mpaka basi. Zile za vijana wanaokwenda kupiga kambi, halafu mtu mwenye barakoa anawamaliza mmoja mmoja. Picha ina chenga, damu inafanana na rangi ya ukutani. Muuaji anatembea taratibu, wewe unakimbia, na bado unamkuta mbele.

Nazipenda sana.

Sasa rafiki yangu Hashimu, ambaye hupiga video za harusi, akasema tutengeneze ya kwetu, ya kuziheshimu hizo za zamani. Nikainuka kwenye kochi. Mama yangu alidhani naumwa.

Vifaa vilikuwa simu ya Hashimu, juisi ya rozela tuliyoichemsha na wanga mpaka ikawa damu, na gunia la mahindi lenye matundu mawili. Location ni Mhezi, nyumbani kwa marehemu bibi yangu, maana huko juu milimani ukungu ni wa bure. Binamu yangu Neema ndiye msichana anayekimbizwa.

Muuaji hakuna aliyetaka kuwa. Gunia linawasha. Likaniangukia mimi, kwa hoja kwamba kutembea taratibu nimezaliwa nako.

Kwa wasiojua milima ya Upare, niwaeleze kitu kimoja. Nyumba zimetawanyika kwenye miteremko, lakini sauti inavuka bonde. Mtu akipiga yowe, unaacha ulichoshika unakimbia. Huulizi ni nani wala kuna nini. Nimekulia humo, nalijua hilo. Ndiyo maana nilituma ule ujumbe, nikaweka na emoji ya fuvu.

Mama Elia hakuuona. Ni mjane, jirani wa nyumba ya bibi, ng'ambo ya mfereji. Watoto wake wote wako Dar, anaishi peke yake. Simu yake ni kitochi. Group angelionea wapi?

Asubuhi ile zamu ya maji ilikuwa yake. Bwawa la pamoja, tunaloliita ndiva, lilikuwa limefunguliwa, naye alikuwa shambani na jembe lake akiyaelekeza maji kwenye maharage. Kwa ule ukungu hatukumwona.

Hashimu akasema, "Action."

Neema kwenye mazoezi alikuwa anacheka tu. Siku hiyo alipiga yowe mpaka mimi mwenyewe nikashtuka ndani ya gunia.

Nikaanza kutembea taratibu, panga la mbao mkononi, rozela inachuruzika. Gunia lilikuwa limezunguka kidogo, naona kwa jicho moja. Ghafla mbele yangu kuna mtu, na si Neema.

Ni Mama Elia. Tope mpaka magotini, kanga imemdondoka, amesimama kati yangu na Neema, jembe juu. Nikasimama. Jembe halikushuka.

"Kimbia, mwanangu! Kimbia, mimi niko hapa!"

Neema aliganda. Na mimi, wakuu, kutoka ndani ya gunia, nikatamka sentensi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kutamka:

"Mama Elia, shikamoo."

Marahaba sikuipata. Wanaume walikuwa wanateremka kutoka kila upande na mapanga yao, ya kweli. Nikalivua gunia haraka. Mmoja akaanza kucheka, akanyamaza, kwa sababu Mama Elia alikuwa amekaa kwenye tope, ameshika kifua, anahema.

Wakati huo maji yanaendelea kwenda. Mtu alipoyakumbuka, yalikuwa yameshabomoa matuta na kuteremka na maharage yake, udongo na vyote.

Nikaomba radhi kwa ajili ya maharage. Akaniangalia.

"Maharage nitapanda tena, usinisumbue nayo. Mimi naishi peke yangu, we mtoto. Nikivunjika mguu, nikivamiwa, nina yowe tu. Kesho nikilia, watu watasema ni wale wa sinema. Hapo utanipandia nini?"



Mwenyekiti wa kitongoji akatuamuru tupite nyumba kwa nyumba, tuseme kwa midomo yetu. "Na hilo gunia ulibebe," akaniambia, "wakuone vizuri."

Nikalibeba. Kuna bibi alinifungia mlango kabla sijamaliza kumwamkia. Kila nyumba nilirudia ombi lile lile: Mama Elia akilia, tafadhali tokeni. Wengi waliitikia. Wengine walinitazama tu, na hao ndio walioninyima usingizi.

Kisha tukajenga upya matuta. Mikono ya kochi ikatoka malengelenge. Mama Elia alisimamia mwenyewe: "Hilo tuta limelala kama wewe. Linyanyue."

Mayowe yaliyobaki Neema aliigiza kimya, mdomo wazi. Sauti tulirekodi baadaye mjini, kwenye stoo ya magodoro ya baba yake Hashimu, mlango umefungwa.

Tatizo likabaki moja. Simu ya Hashimu ilikuwa inarekodi muda wote. Uso wa Mama Elia na lile jembe ndicho kipande bora kuliko vyote. Hashimu akasema, "Hiyo ndiyo movie yenyewe, bro." Ni kweli. Lakini ile hofu haikuwa ya kuigiza, na ilikuwa ya kwake.

Nilichojifunza: taarifa hupelekwa mlangoni, kwa miguu. Na uso wa mtu aliyekuja kuokoa watu huutumii kabla hujamuuliza. Je, ninyi mngemuuliza, au mngepachika kimyakimya? Na huko kwenu, yowe bado linatoa watu nje? Andikeni hapo chini, matusi pia napokea.

Mimi nilipanda tena Mhezi na laptop. Mama Elia akaiangalia movie yote, vijana wakiuawa mmoja baada ya mwingine huku wakiita msaada. Ilipoisha nikamuuliza kama tumtoe. Akasema:

"Unitoe kwa nini? Watoto wanalia toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna jirani hata mmoja anayefungua mlango. Huyo wa gunia ni mpumbavu tu, mimi nimeogopa hicho kijiji. Niache humohumo, aonekane hata mmoja aliyekuja."