Susu Aliyengoja Mbayuwayu Waondoke

Ahimidiwe Mungu, anayewaonyesha ndege njia ya angani pasipo alama, na aliyeniachia kumbukumbu hata baada ya nywele zangu kuwa nyeupe.

Harufu ya matete mabichi yaliyokatwa hunirudisha Kibera ya utoto wangu, kwenye bwawa lililokuwa chini tu ya nyumba yetu. Ukingo wa upande wetu ulijaa matete marefu kumpita mtu mzima. Mvua za vuli zilipokaribia, mbayuwayu walifika kutoka nchi za baridi. Mchana walitawanyika wakiwinda mbu na nzi. Jioni walirudi kwa maelfu, wakazunguka juu ya maji kama moshi, kisha wakashuka wote kulala katika matete. Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu aliyetoka Machakos, aliketi kwenye kigoda akiwasikiliza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Tangu waje, mbu wamepungua."

Mwaka mmoja Susu aliugua kifua. Alikuwa ameokoka uzeeni na hajabatizwa, na kanisa letu la mabati lilibatiza kwa kuzamisha mtu majini. Kwa kuwa hakuweza kutembea mbali, waumini waliamua kumletea ubatizo karibu: wangekata matete mbele ya nyumba yetu, wafungue njia ya kufika majini pamoja na nafasi ya kwaya kusimama. Walitenda kwa upendo. Mjomba Mutiso, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameshaanza kufyeka Susu alipoomba abebwe mpaka ukingoni.

"Acha hapo, Mutiso. Jioni hawa watalala wapi?"

"Mama, ni ndege tu. Watatafuta kwingine."

"Na wewe ulipofika Nairobi na kisanduku kimoja, ulitafuta kwingine? Si ulilala kwa watu, tena ukawamalizia ugali?"

Watu walicheka, Mutiso naye akacheka, lakini akaliweka panga chini. Mchungaji alichuchumaa mbele ya Susu akamuuliza kwa upole itakuwaje akiitwa na Bwana kabla ya kubatizwa.

"Anayeniita anajua nilikuwa njiani," alijibu. "Nitangoja waende."

Basi tukangoja. Krismasi ilipita, jua la Januari likaja na vumbi lake, na kikohozi cha Susu kikazidi. Mama alilia jikoni akidhani hatumsikii. Kila jioni nilitumwa kutazama matete, na kila nikirudi Susu aliuliza, "Bado wapo?" Nikisema wapo, alitabasamu kama mtu aliyeletewa salamu za nyumbani. Mimi nilikuwa nimeanza kuwachukia. Niliwaombea waondoke, na ninaamini Mungu alinisikia kwa uvumilivu, kama asikiavyo watoto.

Mvua za masika zilipokaribia, jioni moja anga lilibaki tupu. Jumapili iliyofuata Mutiso alifyeka njia, kwaya ikasimama topeni ikiimba, na Susu akabebwa na wanawe hadi majini. Alipoinuliwa alikuwa akitetemeka na kucheka. Mungu alimchukua kabla masika hayajaisha, akiwa usingizini. Matete yalichipua upya, na mbayuwayu waliporudi waliyakuta yamesimama. Tangu hapo kanisa letu halikubatiza hapo mpaka ndege waondoke.

Sasa naishi mtaa uitwao Kongo, huko Kawangware, na bwawa lile silitambui. Magugu maji yamelifunika, taka zimejaa mitaroni, na kila mwaka mtu humwaga udongo ukingoni ili ajenge. Kila Jumamosi mimi hupitia mtaa wa Ayany kwenda bwawani kuwasaidia vijana wanaong'oa magugu. Nguvu sina, kazi yangu ni kulinda kipande cha matete kilichobaki kisifyekwe wakati wa ndege. Jumamosi iliyopita walishuka wachache, hata mia sidhani. Kijana mmoja aliyejaa tope mpaka magotini aliwatazama, akaniuliza kama anayemuuliza nyanya yake, "Shosh, hawa wako na visa ama wanaingia tu?" Nikamwambia walialikwa kabla yetu. Akacheka, kisha akawaambia wenzake wahamishie reki upande wa pili, wafanye kelele huko.

Nawe unayesoma, Mungu akupe pa kulala popote safari itakapokufikisha, na akujalie moyo wa kumwachia mwingine nafasi. Amina.