Wazazi Wangu na Kitabu cha Alama za Vyeo

Dada yangu mdogo aliolewa Ubelgiji na fundi wa lifti ambaye hobi yake ni kukusanya alama za vyeo vya kijeshi, zile tepe na nyota ambazo askari huvaa mabegani. Mwaka juzi wenzake wa chama cha wakusanyaji walimwomba atathmini kitabu kipya, kinene, chenye picha za alama za nchi nyingi za Afrika. Kurasa za kwetu zilimshinda. Akakumbuka kwamba baba mkwe wake, hapa Bunia, alitunza stoo ya mavazi katika kambi moja ya jeshi la zamani hadi akapewa cheo cha adjudan, juu ya sajini. Basi akatuletea nakala moja kwa mkono wa mfanyabiashara wa mtaa wa Lumumba aliyekuwa anarudi kupitia Kampala. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walikaa na kitabu hicho karibu saa nzima. Hawakuwa na ubaya. Kila mmoja alitaka kuona cheo chake.

Nilidhani baba atafurahi. Alikipima mkononi, akakiweka juu ya redio, akasema mambo ya jeshi aliyamaliza zamani. Siku tatu hakukigusa. Siku ya nne nilirudi kutoka shuleni, ninakofundisha Kifaransa, nikamkuta kwenye baraza la nyumba yetu, mtaa wa Nyakasanza, amevaa shati la Jumapili, penseli sikioni, kitabu magotini. Aliniambia nichukue daftari, niandike.

Alianza na mazuri. Mwandishi amejitahidi, alisema. Vyeo vimepangwa kutoka chini kwenda juu, na vipimo vimeandikwa kwa milimita, hata asiyejua kitu ataelewa. Kisha akaingia kwenye makosa. Kijani cha kitambaa kimechapwa kikawa karibu na bluu, kwa hiyo mnunuzi atakayefuata picha ataikataa alama ya kweli na kuchukua ya uongo. Alama za gwaride zimechanganywa na zile za kazi za kila siku. Mahali ambapo hakuwa na hakika alinikataza kuandika "ni", nikaandika "inaonekana". Nilimpenda sana baba alasiri ile. Sikuwahi kumwona kazini, na sasa nilikuwa kama nimeingia stoo yake.

Mama alikuwa pembeni akichagua maharagwe. Baba alimwonyesha ukurasa wa adjudan, kwa fahari kidogo. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akautazama, akaugeuza, kisha akageuza na ule uliofuata kama anayetafuta kitu.

"Inaonyesha mbele tu," alisema. "Mugongo iko wapi?"

Baba hakuelewa. Mama akaeleza kwamba zile zilizotoka ng'ambo zilishonwa kwa mashine, na mgongo wake ulikuwa laini. Zilipokwisha stoo, wake wa askari ndio waliodarizi nyingine kambini, yeye akiwa mmoja wao, na kila mwanamke alikuwa na namna yake ya kufunga uzi. Mbele zote zilifanana. Anayetaka kujua ya kweli lazima aigeuze. Baba akaniambia niandike hayo yote, na niandike pia ni nani aliyeyasema.

Kisha akasikitika. Laiti alama zake mwenyewe zisingeibwa, alisema, tungepiga picha ya mgongo tukamtumia mkwe. Tuliijua hadithi hiyo: alikuwa amezihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, na tulipokimbilia upande wa Mambasa wakati wa vita, waporaji wakalichukua.

Mikono ya mama ikasimama juu ya maharagwe.

"Hawakuiba," alisema. "Ni miye nilitupa ile kopo mu choo."

Siku ile baba alikuwa ametoka kutafuta gari. Watu wenye bunduki walikuwa wanapekua nyumba hadi nyumba, na mama aliwasikia wakiwa kwa jirani. Aliwaza wakizikuta alama za askari watasema ni za upande fulani, naye alikuwa na watoto wanne ndani. Hakupata muda wa kuchagua.

"Na ya adjudan?" baba aliuliza.

"Na yenyewe." Ile aliishona kwa mkono wake.

Baba alivua miwani. Niliogopa, maana mambo hayo alikuwa ameyabeba miaka mingi. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Mama alijibu kwamba aliona afadhali mume wake awakasirikie wezi kuliko kumkasirikia yeye, na miaka ilivyopita ikawa vigumu kuanza.

"Ungeniambia tu, mama watoto," baba alisema polepole. "Ile mambo tungebeba siye wawili."

Baadaye baba alimwomba, kwa adabu kama anayeomba kwa mtu mgeni, kama bado anakumbuka kufunga uzi. Mama alitafuta kipande cha kitambaa cha kijani, na kwa siku mbili akadarizi alama ya adjudan upya. Nilipiga picha mbele na nyuma. Baba alishikilia tuweke kando yake karatasi yenye maneno haya: imeshonwa sasa, si ya zamani. Hakutaka mtu yeyote aje kuiuza kwa uongo.

Tulimtumia shemeji maelezo na picha, naye akaandika tathmini yake. Aliwaambia wenzake wakinunue kitabu, wasiamini kijani chake, na wageuze alama kabla ya kulipa; hilo la mwisho alisema limetoka kwa mama mkwe wake, mshonaji wa Bunia. Mama alinifanya nimsomee sehemu hiyo mara mbili. Shemeji aliomba pia atumiwe kile kitambaa, akiweke pamoja na vyake. Baba alikataa.

"Mwambie picha inatosha," alisema, akimtazama mama. "Hii ni ya bibi yangu."